Jiolojia, Jiofizikia na Karani wa Leseni za Baiskeli

Nakumbuka siku moja, na kila nikiikumbuka najikasirikia upya, niliposafiri kutoka Mgwashi hadi Lushoto kwenda kumuuliza karani wa leseni za baiskeli nisomee nini maishani. Ndiyo, mwanangu, umesikia vizuri. Leseni za baiskeli. Wala usicheke, maana wewe unafanya yale yale, ila karani wako yumo ndani ya simu.

Siku tatu mfululizo unanijia na swali lile lile. Jiolojia, jiofizikia au sayansi ya dunia, ipi ina soko? Juzi ilikuwa jiofizikia, kwa sababu ya mafuta na gesi. Jana jiolojia, eti kuna mtu kaandika huko mtandaoni kwamba migodi inalipa. Leo umeamka na sayansi ya dunia, habari ya tabianchi. Kesho utaniambia unataka kuwa rubani! Nimechoka, mwanangu. Weka hiyo simu chini, kaa, nikueleze jinsi mimi nilivyokuwa mpumbavu kuliko wewe, na mtu gani aliyelipia upumbavu wangu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, vijiji vikipangwa upya na redio ikituhimiza kila jioni tujitegemee. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nimetoka kambini kulitumikia taifa, nimerudi nyumbani kwa mama yangu, mjane aliyelima maharage na viazi kwenye mteremko ambao mbuzi mwenyewe aliupanda kwa adabu. Wenye kidato cha sita kijijini tulikuwa wawili tu, mimi na mwenzangu Rajabu wa kilima cha pili. Na mimi nilijiona. Mungu anisamehe, nilijiona sana. Nilitembea na kalamu mbili mfukoni mwa shati, na moja haikuwa na wino.

Serikali ikatoa nafasi za kwenda kusoma ng'ambo, fomu ikaja. Kwenye masomo ya ardhi palikuwa na mistari mitatu, hayo hayo matatu yanayokusumbua wewe, na kila mtu achague moja. Fomu irudi bomani kabla ya Ijumaa kwisha. Sikujua tofauti yake hata kidogo, kwangu yote yalikuwa mawe. Nilichotaka kujua ni ipi itanipa cheo upesi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Jumatatu ya wiki ile ile walikuja wataalamu watatu kijijini kwetu. Tulikuwa tunataka kisima cha shule mpya, nao wakatumwa kutazama mahali pa kuchimba. Mmoja alikuwa na nyundo. Wa pili alikuwa na kisanduku na mabunda ya nyaya. Wa tatu, mama wa makamo mwenye buti za mvua, alikuwa na daftari na makopo ya udongo. Wakapiga hema kando ya shamba la mama yangu. Unanielewa, lakini? Jiolojia, jiofizikia na sayansi ya dunia, zote tatu, zimelala hatua mia moja kutoka kitandani kwangu! Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, nadhani walikuwa wananisema mimi.

Wataalamu wale wakaomba kijana wa kuwabebea mizigo na kuwaonyesha njia za chemchemi. Mjomba wangu Singano, ndiye aliyekuwa mkubwa wa mfereji wetu wa maji, aliyesimamia usafishaji na kugawa zamu za kumwagilia, akaja mbio kunipa habari.

"Nenda ukawabebee," akasema. "Ni siku nne tu, mpaka Ijumaa."

"Mimi, Mjomba? Mtu wa kidato cha sita nibebe gunia la mawe?"

"Si ndiyo mawe unayotaka kusomea?"

Nikamwambia nina safari ya Lushoto, kuna wakubwa nataka kuonana nao. Mjomba hakubishana. Akaenda kilima cha pili kumwita Rajabu, na Rajabu akaja na kamba yake ya kufungia mzigo, hata chai hakumaliza.

Jumanne alfajiri nikapita mbele ya hema lile kwenda kupanda basi la kupitia Soni. Wale wataalamu walikuwa nje wananawa uso, na sikuwapa hata shikamoo. Huku kwetu mtoto asiyewaamkia wakubwa watu huuliza alilelewa na nani. Niliinua kidevu tu, nikapita.

Bomani nikaelekezwa kwa karani mmoja, mtu mwenye sauti kubwa na mihuri mingi mezani. Kumbe kazi yake ni leseni za baiskeli! Lakini mimi niliona mihuri, nikaridhika. Nikamuuliza. Akajibu bila kuinua macho, "Jiolojia. Hao wanapewa Land Rover." Basi, nikaandika jiolojia kwa penseli, moyo kwatu.

Nikaingia mkahawani karibu na soko kunywa chai. Nikamkuta bwana mmoja kutoka Tanga, kafunga tai, ana mkoba wa ngozi. Nikamwonyesha fomu. Bwana yule akacheka. "Jiolojia? Watakuwa wengi hao. Chukua jiofizikia, kijana. Nchi nzima wanahesabika kwa vidole. Ukirudi unakuta ofisi inakusubiri." Nikafuta jiolojia kwa kifutio, nikaandika jiofizikia kwa wino, hapo hapo mezani. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba yule bwana alikuwa wakala wa vyerehani.

Niliporudi nyumbani jioni nikamkuta mama amefura. Yule wa nyaya alikuwa amepitisha nyaya zake katikati ya maharage. Mama akawa amewakalisha wote watatu kitako na kuwataka wamweleze, mmoja mmoja, wanatafuta nini shambani mwake. Nao wakamweleza. Akaanza kunisimulia huku anakoroga mboga.

"Huyu wa nyundo anavunja jiwe, analitazama, tena analiramba. Anapanda kila genge. Jioni anachora ramani, anaandika jiwe hili limetoka wapi. Huyu wa nyaya jiwe haligusi. Anapigilia vigingi, anapitisha umeme wa betri ardhini, anasoma namba kwenye kisanduku. Namba, namba, namba, kutwa anapiga hesabu ajue chini kuna nini bila kuchimba. Yule mama yeye anauliza mvua inaanza lini, msitu ulikatwa mwaka gani, udongo unaporomoka wapi. Anaunganisha mambo yote." Akaweka mwiko chini, akanitazama. "Mwanangu, huyu wa nyaya kazi yake si yako. Wewe na hesabu hampatani tangu utoto. Rajabu ndiye kakaa naye mchana kutwa wanapiga hesabu wanacheka."

Unajua nilimjibu nini mama yangu mzazi? Nilisema, "Mama, hayo ni mambo ya kitaalamu. Wewe hujasoma, huwezi kuelewa."

Naona haya kulitamka hata leo. Mama akanipakulia. Aliyenijibu ni Mjomba Singano, ambaye alikuwa amekaa pembeni anakula magimbi.

"Hebu nisaidie," akasema. "Dada yangu ameshinda na wenye kazi yao, wamemwonyesha kwa mikono. Wewe umeshinda na watu wa tai. Katika nyumba hii, nani hajasoma? Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Wale wamelala ndani ya hizo kazi, na bado wapo hapo nje mpaka Ijumaa. Nenda kesho ukawaulize swali moja tu, kila siku wanafanya nini toka asubuhi mpaka jioni."

Sikwenda, mwanangu! Jumatano sikwenda, Alhamisi sikwenda. Nilipita mbali na lile hema kwa kuona haya, maana ningeanzaje kuwauliza watu ambao sikuwaamkia? Ijumaa nikarudisha fomu yangu bomani, ina jiofizikia kwa wino. Mlangoni nikakutana na Rajabu na fomu yake. Naye kaandika jiofizikia.

Mkoa wetu ulipewa nafasi moja ya somo hilo. Walijumlisha alama za masomo yote, na mimi nilimzidi Rajabu kidogo kwa jiografia na kemia, ingawa hesabu nilipita kwa kuponea chupuchupu. Nikachukuliwa mimi. Rajabu akapelekwa chuo cha ualimu. Kijiji kizima kilinisindikiza mpaka kituo cha basi, naye Rajabu akanibebea sanduku.

Huko ng'ambo sitakusimulia baridi, kila mzee anayo hadithi ya baridi. Nitakusimulia ubao. Mwalimu alijaza ubao kuanzia juu mpaka chini, hesabu za mawimbi na za umeme, akafuta, akajaza tena, na mawe hayakutajwa hata mara moja. Nilikuwa natokwa jasho na nje theluji inaanguka. Wenzangu wa jiolojia wakienda porini na nyundo zao nilitamani kulia. Nikaomba kuhamia kwao. Afisa wa ubalozi akanijibu kwa barua kwamba taifa liliomba mtu wa jiofizikia, na mtu huyo ni mimi. Basi nikafeli, nikarudia, nikafeli tena. Wakanirudisha nyumbani. Wakati ule nauli yako ni jasho la wakulima, na kila mtu alilijua hilo, hata watoto wa njiani.

Mama alinichinjia kuku. Mjomba alinipa mkono akaenda zake kwenye mfereji, na afadhali angenitukana. Siku ya tatu Rajabu akaja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi sasa, viatu vimejaa vumbi la chaki. Nilikuwa nimejitayarisha kwa lolote.

"Pole na safari, mgosi," akasema, ndiyo bwana kwa lugha yetu. "Umerudi na vitabu?"

Nikamtolea. Akakaa kwenye kigoda mlangoni, akafungua kimoja, akaenda moja kwa moja kwenye sura za umeme wa ardhini, zile zilizonirudisha nyumbani. Akaomba penseli. Akaanza kufanya maswali, moja baada ya jingine, anajisemea polepole kwa Kishambaa. Lile swali nililolitazama miezi nikaliona linafunguka mbele yangu kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Akainua uso, anacheka, macho yanang'aa. "Kumbe ni rahisi hivi! Ningejua, ningekuandikia barua nikueleze."

Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli ningepona. Nikainuka, nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia kama mtoto. Rajabu aliomba tena mara mbili kwenda kusoma, mara ya kwanza nafasi hazikuja, mara ya pili umri ukawa umepita. Amefundisha kujumlisha na kutoa mpaka kustaafu, na vitabu vile alikuwa navyo mpaka alipokufa.

Mimi nilipata kibarua cha kuchimba visima. Hapo ndipo nilipowaona wenye nyundo wakifanya kazi, nikaipenda. Nikaenda chuo nikiwa na watoto wawili, nikasoma jiolojia, nikaitumikia mpaka magoti yakakataa. Kwa hiyo nakupa nasaha kwa kitu ninachokijua.

Kama unapenda kutembea, kutazama na kuchora, na hesabu zako ni za wastani, jiolojia itakulea. Inafungua milango mingi, madini, maji, barabara, mabwawa, na ukitaka jiofizikia baadaye unaweza kuiongeza kwenye shahada ya pili. Kama fizikia na hesabu ndizo zinazokukosesha usingizi kwa raha, nenda jiofizikia, usiogope. Wenye nayo hawatoshi, yule wa vyerehani hapo alisema kweli, ila alimwambia mtu asiye wake. Sayansi ya dunia ni pana, na waajiri watakuuliza hasa unajua kufanya nini, kwa hiyo ukiichagua shika ufundi mmoja mkononi, ramani za kompyuta au maji au udongo. Soko nalo usiliabudu. Migodi hufunguliwa na hufungwa, bei hupanda na hushuka, na wewe utaamka kila asubuhi miaka arobaini kuifanya kazi ile ile. Mchagua nazi hupata koroma, na wewe umekwisha kuzipigapiga mno.

Kesho panda basi uende kwenye ule mradi wa maji wanakochimba visima, waamkie watu, waombe ukae nao siku mbili. Omba kubeba mizigo. Ukirudi utakuwa umejua, na usiponijulisha nitakasirika zaidi ya leo. Na ukiona somo si lako, liache mapema, kabla hujatia wino. Kiti unachokikalia kwa sababu ya sifa, kuna mwenye haki nacho amesimama mlangoni, tena huenda ndiye anayekubebea sanduku.

Mungu akuongoze, mwanangu. Akupe kazi ambayo mikono yako inaitaka, akuepushe kula fungu la mwenzio bila kujua, na popote utakapokanyaga ardhi ikupokee. Amina. Sasa ondoka mbele yangu, ukalale, basi la asubuhi halimngojei mtu.