Nusu ya Jino la Koko

Siwapendi watu wa chuo kikuu. Nalisema mapema ili asiyetaka kusoma maneno ya uchungu aache hapa hapa.

Tulianza kuwaona Nosy Be, kisiwa chetu cha Madagaska, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa bado natembea nimeshika pindo la nguo ya koko. Koko ni bibi. Ndivyo tunavyoita sisi ambao wazee wetu walitoka Ngazija, Komoro. Nyumba yetu ilikuwa Ambatoloaka, siku hizo kijiji cha wavuvi tu, bila baa wala muziki. Wa kwanza walikuja kwa ajili ya mlangilangi. Walichuma maua, wakachimba na mizizi, wakaenda zao. Wakafuata wa kaa, waliokanyaga mikoko yetu kwa mabuti. Wakafuata wa maji, wakachota visimani kwa vichupa vidogo, na tulipowauliza kama maji yetu ni salama wakasema majibu yatakuja. Kisha wakaja wa damu. Walitutoboa vidole darasa zima, wakatupa peremende, wakafunga masanduku yao.

Kila kundi liliahidi majibu. Hakuna hata moja lililorudi kutuambia, "Haya ndiyo tuliyoyaona kwenu."

Mwisho walikuja wa meno. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, na shule yangu iliishia hapo. Kazi yangu ilikuwa kuosha mashua za hoteli ya kwanza kujengwa pale ufukweni. Wageni wale, wa chuo cha Mahajanga, walikaa katika darasa letu la zamani, wakatundika taa kubwa, wakatangaza kwamba wanang'oa bure.

Koko alikuwa mshona kofia. Tangu usichana wake alikata uzi kwa jino moja tu, la mbele, upande wa kushoto. Uzi ulikuwa umelila jino lile mpaka likawa na mfereji katikati, na tambuu ilikuwa imelitia wekundu wa kutu. Mwaka ule likalegea na kumnyima usingizi. Nikampeleka.

Daktari alikuwa kijana kutoka nyanda za juu, mwenye masharubu membamba. Alimng'oa vizuri, hapo sina neno. Kisha akaliinua jino kwenye taa, akapiga mluzi, akamwita mwenzake aje aone. Koko akanyoosha kiganja.

"Nipe jino langu, mwanangu," alisema kwa Kimalagasi.

"Niachie, neny. Tunataka kulichunguza."

Alimwita neny, yaani mama, na sauti yake ilikuwa tamu. Lakini kwetu kilichotoka mwilini hakitupwi wala hakigawiwi. Nywele, kucha na meno huzikwa. Mtu mzima kama koko huliweka jino lake katika kijifuko, lije kuzikwa pamoja naye.

Koko alifikiri kidogo. "Litazame," alisema, "lakini ni amana. Ukimaliza, unirudishie."

"Sawa, sawa, neny."

Akaliweka jino katika kiganja cha daktari na kukifunika kwa mikono yake miwili. Hiyo ndiyo desturi yetu, tangu enzi za wafanyabiashara wa zamani. Anayepokea amana hufunga ngumi na kuigusisha kifuani, bila neno. Akishafanya hivyo, kitu kile kiko shingoni mwake mpaka akirudishe.

Daktari alifunga ngumi. Akaipeleka kifuani.

"Mtoto wa watu ana adabu," koko aliniambia njiani, pamba mdomoni. Nami niliamini hivyo. Baadaye sana ndipo nilipokumbuka alama nyekundu kwenye koti lake jeupe, nikafahamu kwamba alikuwa anajifuta damu tu.

Misimu ya mvua ikapita. Miguu ya koko ikavimba, pumzi ikawa fupi. Siku moja aliweka sindano chini na kusema, "Sitaki kuzikwa pungufu. Nenda Mahajanga ukadai amana yangu."

Hakukuwa na mwingine wa kumtuma. Wajomba zangu walikuwa wamekimbilia Komoro baada ya watu wetu kuuawa Mahajanga, na hawakurudi. Nilivuka bahari hadi bandari ya Antsahampano, nikapanda gari moja baada ya jingine, nikafika nikiwa nimepakwa vumbi kama mkate wa unga.

Mama mdogo wangu aliishi mtaa wa Tanambao, mmoja wa wachache wetu waliobaki. Alifungua mlango nusu.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Ingia upesi. Na kesho usiseme Kikomoro barabarani. Ukisukumwa, omba radhi. Wakikuita Ajojo, usigeuke, jifanye si wewe." Ajojo ndilo jina la dharau walilotutupia Wakomoro. "Umefuata nini mji huu?"

"Jino la koko."

"Jino! Una wazimu? Watu walikufa hapa, wewe unafuata jino!"

"Alilitoa amana."

Akanipakulia wali.

Chuo chenyewe sitakitaja jina. Nilikuta kuna sherehe: wamefungua milango ili wakubwa waje waone kazi za watafiti. Katika ukumbi walipanga meza, kila elimu na meza yake, kila meza na kitambaa na mwanafunzi wa kueleza. Mtu mwingine angestaajabu jinsi chuo kimoja kinavyojua mambo mengi. Mimi nilipita meza hadi meza kama mtu aliyeibiwa anayetembea ndani ya nyumba ya mwizi. Mlangilangi wetu ulikuwa pale, mafuta ndani ya chupa yenye utepe. Kaa wetu walikuwa wamebanwa kwa pini, wametandazwa miguu. Maji ya visima vyetu yalikuwa michoro ya rangi ukutani. Mstari mmoja mwekundu ulipanda juu sana, nikamwuliza mwanafunzi maana yake.

"Hicho kisima hakifai kunywewa," alisema.

"Ni kipi?"

"Mahali fulani kule kisiwani."

Mahali fulani. Tulikuwa tukiyanywa maji hayo miaka yote.

Meza ya meno ilikuwa katikati, ndiyo iliyojaza watu. Juu ya kitambaa cheusi, chini ya kifuniko cha kioo, lilikuwepo jino la koko. Mfereji wa uzi, wekundu wa tambuu, vyote. Walikuwa wamelikata kwa urefu kama papai, na ulikuwepo upande mmoja tu. Nyuma yake walitundika picha yake, kubwa kama mlango. Chini iliandikwa: jino la mwanamke mshona kofia. Jina hakuna.

Yule daktari alikuwa amenenepa, amefunga tai. Nilimkaribia. Mimi si mtu wa kuongea mbele za watu.

"Hili ni la koko yangu. Nimetumwa kulichukua."

"Ah! Yule neny. Mwambie amekuwa maarufu."

"Nusu nyingine iko wapi?"

"Imesagwa. Wenzetu wa kemia walitaka kupima chokaa ya tambuu."

"Lilikuwa amana."

"Hii ni sampuli, zandry." Zandry ni mdogo wangu. Sikuwa mdogo wake.

Wanafunzi wakacheka. "Ukitaka jino, kaa kitini tukung'olee lako," alisema mmoja. "Bure!"

"Mwache, Ajojo huyo," alisema mwingine. "Anataka kwenda kulitia mchuzini."

Wakati huo mgeni rasmi aliingia, tumbo mbele, mpiga picha nyuma yake, akaja moja kwa moja kwenye meza ya meno. Daktari akaanza kueleza. Nilijua kwamba wakifunga ukumbi ule sitaliona tena. Nikasema kwa nguvu, hata mimi nilishtuka kuisikia sauti yangu:

"Mwenye jino hili yuko hai, na analitaka!"

Mgeni akanitazama, kisha akaangua kicheko.

"Basi mpeni bibi jino lake! Si mnasema sayansi ni ya wananchi?"

Watu wakapiga makofi. Daktari akafunua kioo, akaniwekea kipande kiganjani huku akitabasamu kwa ajili ya picha. Mgeni akasogea kwenye meza iliyofuata, ya mpunga.

Tabasamu likafutika. "Haya, mchezo umekwisha. Lete."

Alinyoosha kiganja, vilevile kama koko alivyomnyooshea yeye. Wanafunzi walikuwa wamenizunguka, na shati langu halikuwa na mfuko. Nikalitia jino mdomoni, chini ya ulimi, nikafunga meno.

Daktari alisogea karibu mpaka nikanusa mafuta ya nywele zake. "Fungua mdomo," alisema taratibu.

Nadhani maisha yake yote hajapata kuambiwa hapana kwa neno hilo. Sikufungua.

"Fungua mdomo, mbwa wewe."

Nikamtazama machoni. Mgeni rasmi alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, na mpiga picha bado anapiga. Angenipanua taya mbele yao? Mkono wake ulipanda, ukasita, ukarekebisha tai. Nikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Barabarani mtu alinisukuma na kuniita lile jina. Sikuomba radhi, kwa kuwa sikuweza kufungua mdomo. Nililitema kwa mama mdogo, Tanambao, juu ya kitambaa safi. Alilitazama, akafunga dirisha, akalia.

Koko alilipokea ameketi, mgongo kwenye ukuta. Aligeuza kipande kile, akapitisha ukucha kwenye mfereji wa uzi.

"Na nusu yake?"

Nikamweleza habari ya kemia. Nilingoja aseme kwamba Mungu atawasamehe, kama wasemavyo wazee. Hakusema. Alilitia katika kijifuko na kukaza uzi. Akataka kuukata kwa jino, akakumbuka, akaomba mkasi.

Kisima kilichoandikwa kwa mstari mwekundu hatujakijua mpaka leo. Koko tulimzika na nusu. Nusu nyingine ni unga ndani ya chupa ya kemia, na yule daktari, popote alipo, ngumi yake bado iko kifuani.