Kipimo cha Sikio

Ng'weeee! Sauti nyembamba, ndefu, kama mlango wa bati uliokosa mafuta. Ndivyo mtoto wa mbwa anavyolia akiinuliwa kwa sikio. Niliisikia asubuhi moja nikifagia nywele nyuma ya saluni ninakofanya kazi, hapa Keroka, na mpaka leo nikikaa kimya inanirudia.

Jirani zetu upande wa nyuma ni wapasuaji mbao. Mbwa mmoja asiye na mwenyewe alikuwa amezaa chini ya mabanzi yao, watoto wawili, dume na jike. Kisha lori likamgonga barabarani, akafa. Nikawa nawapelekea watoto uji wangu wa saa nne. Watu wa mji huu ni waumini wazuri sana. Siku zote hizo walipita wakitazama juu. Habari ilipoenea kwamba kuna mbwa wa bure, lo! kila mtu akakumbuka kwamba hao nao ni viumbe vya Mungu.

Wa kwanza kuja alikuwa mzee wa duka la hadiwea, funguo zikimning'inia kiunoni kama askari jela. Watu wa kwetu wanaamini kwamba mtoto wa mbwa asiyelia ukimwinua kwa sikio atakuwa mkali. Akaanza na jike. Ndiyo hiyo sauti niliyoisikia.

"Huyu ni wa kelele tu," akasema, akamwachilia aanguke kwenye vumbi la mbao. Akainua dume. Kimya. "Mnaona? Hata hatikisiki! Huyu atakula mwizi na viatu vyake."

"Omogaka," nikamwambia, maana ndivyo tunavyowaheshimu wazee wetu, "huyo ni mgonjwa. Tangu juzi hagusi uji."

"Wewe suka nywele, mama. Mambo ya mbwa tuachie wanaume."

Akamchukua, lakini dume hakumaliza wiki kwake. Hakulia kwa sababu hakuwa na nguvu za kulia. Mzee alimtupa mtaroni, kisha akatangaza kwamba mbwa wa siku hizi ni feki, kama simu.

Jike akabaki peke yake, na mvua ilikuwa inanyesha kila jioni. Mimi nimepanga chumba kimoja kwenye ploti ambayo mwenyewe hataki kusikia hata kuku. Ndoto ninazo, hizo hazilipiwi kodi: saluni yangu mwenyewe, mlango wa kioo, na mbwa amelala juu ya mkeka wa kupangusia miguu, wateja wanamruka. Lakini mtoto wa mbwa halali kwenye ndoto.

Ndipo akaja mteja wetu mmoja wa ofisini, kucha ndefu, manukato mpaka unapiga chafya. Alimwona jike akamkumbatia, akapiga picha, akapiga tena. Kabla sijamaliza kumwosha nywele alikuwa ameshaweka kwenye simu: "Leo nimeokoa maisha." Baraka zikamiminika. Akaondoka naye, na mimi, mjinga mimi, nilifurahi nikaimba siku nzima.

Hata mwezi haukuisha. Mwendesha boda akaleta katoni mlangoni. "Siste, nimetumwa. Nimeambiwa wewe ndiye unajuaga mambo ya mbwa." Ndani alikuwa jike wangu, amekua kidogo, amekonda sana, na shingoni amefungwa utepe wa waridi uliokuwa umeanza kumkaba. Hakuna aliyekumbuka kwamba shingo nayo hukua. Fundo nikalilegeza kadiri lilivyokubali.

Mwenye saluni aliniambia wazi. "Jumamosi jioni nikimkuta huyo kwa stoo yangu, mtaondoka wote wawili."

Jumamosi yenyewe, nani akaketi kwenye kiti changu? Yeye na kucha zake.

"Dia wangu, alikojolea zulia," akasema bila aibu, akijitazama kwenye kioo. "Halafu nikagundua ni jike! Kesho kutwa madume wa mji mzima wako getini kwangu. Hapana. Sasa natafuta kitoto cha paka. Cheupe. Ukisikia, nishtue."

"Na huyo paka akikua?"

Akacheka. "Aki wewe! Si paka wanajitafutia?"

Nilivuta msuko kidogo kuliko ulivyohitaji kuvutwa. "Ai!" akalia papo hapo. Kwa kipimo cha yule mzee, huyo hangefaa kulinda hata banda la kuku.

Mimi shule sikufika mbali, lakini hili nimelielewa. Watu hawa hawachukui mbwa, wanachukua udogo wake. Udogo ukiisha wanashangaa, kwani hili jibwa limetoka wapi? Na mzee anachukua ukali ambao hata haujazaliwa. Mbwa mwenyewe, mwenye njaa na mkojo na tumbo litakalobeba watoto, hakuna aliyemtaka.

Nikampigia simu mama yangu, aliye kule nyumbani Ekerenyo.

"Jike?" akasema. "Kwani madume yameisha Keroka?"

"Mama, analia sana, lakini anakula."

"Hata wewe ulikuwa hivyo." Nikasikia kuku wake. "Mlete. Lakini usinitupie hapa upotee kama hao wa mjini. Kila Jumapili uje umtoe viroboto mwenyewe. Na akizaa, utafute mahali pa watoto, mmoja mmoja. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Jumapili ya mvua pia."

"Hata ya mvua."

Jioni ile mwenye saluni na wateja walipokwisha kuondoka, niliingia stoo kumchukua jike nimpeleke kwa mama, mkononi mkasi wa kukatia nyuzi za nywele. Nilimkalisha mapajani, nikapitisha kidole kati ya utepe na shingo, nikakata. Hakulia. Nikatoka nyuma hadi chooni, yeye kwapani, nikautupa utepe shimoni.