Mawese Kwenye Tangi la Choo

Nianze na choo, maana ugomvi wetu wote ulianzia chooni. Mwenye kinyaa aishie hapa hapa.

Baba yangu alikuwa dereva wa mzungu mmoja na mkewe waliokuwa wanazunguka na gari-nyumba, lile gari refu lenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Walipofika Kigoma yule bwana akaugua, wakarudi kwao kwa ndege, gari wakamwachia baba na karatasi zake zote. Baba akaliegesha ufukweni upande wa Bangwe, kwenye kiwanja chetu kidogo, akawa analaza wageni wanaosubiri boti za kwenda kuona sokwe. Alipofariki, ukoo ulikaa kikao Rusimbi nyumbani kwa kaka yangu. Kadi ya gari ikaandikwa jina la kaka kwa kuwa ndiye mkubwa, tena mwanaume. Kazi ya gari nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye niliyeijua. Wakasema lisiuzwe mpaka tukubaliane sote watatu: mama, kaka na mimi. Sikubisha. Gari lile ndilo lilikuwa nyumba yangu. Wageni wakija nahamia kibanda cha jikoni, wakiondoka narudi kitandani kwangu.

Chini ya sakafu yake kuna matangi mawili. Moja linapokea maji ya kuoshea vyombo, jingine linapokea ya chooni, na hayakutani kabisa. Ndani ya kila tangi, ukutani, kuna vijino vya chuma vimepangwa toka chini hadi juu. Uchafu ukipanda ukagusa jino la juu, taa nyekundu inawaka pale mlangoni, unajua limejaa. Ila vijino vikivaa utando wa mafuta au karatasi, taa inakwambia limejaa hata kama ni tupu. Baba alikuwa anasafisha matangi kila wageni wakiondoka, na mimi namshikia ndoo. Alikuwa anasema vile vijino ni macho, visipooshwa vinaota tongotongo. Nimekua nikijua hivyo, na gari halikuwahi kunisumbua.

Mwaka jana taa nyekundu ya choo ikawaka, ikagoma kuzima. Nikaita gari la kunyonya maji taka. Wale vijana wakashusha bomba lao, mashine ikanguruma kidogo, halafu ikaanza kupiga mluzi. Hamna kitu! Uchafu wenyewe haukujaza hata ndoo mbili. Mmoja akanitazama akacheka mpaka akakaa chini.

"Anti, umetuita tunyonye hewa?"

Nilimtukana, na yeye akazidi kucheka. Lakini taa iliendelea kuwa nyekundu. Wageni wakiiona wanauliza, nikiwaambia tangi ni tupu hawaniamini, na nani atalala juu ya choo kinachodaiwa kimejaa? Mama mmoja na binti yake walifungasha wakaenda kutafuta hoteli mjini kabla hata chai haijachemka. Wakaandika kwenye mtandao kwamba pananuka. Uongo mtupu! Palikuwa hapanuki hata chembe, lakini ukishaandikwa umeandikwa.

Kaka alikuwa anakuja kila Jumapili kwa bodaboda. Alikuwa na ufunguo wa pili. Ananikuta nimechafuka hadi nywele, ananionea huruma. "Mdogo wangu, hili gari limechoka. Na wewe umechoka. Kwa nini unajitesa? Nenda sokoni ukapumzishe akili, mimi nipo hapa naangalia." Na mimi mjinga nilikuwa naenda. Tena nilikuwa namletea mahindi ya kuchoma, namshukuru.

Nilisafisha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, taa ikarudi kijani siku tatu, nne. Jumapili ikipita, nyekundu hiyo. Nikasafisha tena. Ikawa hivyo hivyo, hadi nikaanza kuhisi labda kweli nimerogwa. Nilimpigia mama simu nikalia. Mama anakaa kwa kaka, anakula kwa kaka, lakini mimi ndiye niliyekuwa nampigia kila jioni. Akaniambia nivumilie.

Mwisho nikakumbuka dawa kali ya baba, aliyokuwa anaitumia mara moja moja tu. Nikaenda Kibirizi kwa wauza samaki, nikachukua barafu ya kuhifadhia migebuka, nikaipondaponda, nikaimimina chooni na chumvi na sabuni. Halafu nikakamata usukani. Unaendesha kwenye njia mbovu ili barafu iruke huko ndani, isugue kuta. Nilitoka Bangwe hadi Gungu, nikitafuta mashimo makusudi. Dereva mwingine anayakwepa, mimi nayafuata! Bodaboda wakanipigia kelele, "Mama, shimo hilo!" nikawaambia nimeliona, ndilo ninalolitaka. Huko chini barafu inagonga gudugudu, mimi nacheka peke yangu. Nilikuwa sijacheka muda mrefu.

Niliporudi nikaegesha juu ya shimo letu la maji taka, nikafungua koki. Yakatoka maji, vikatoka vipande vya barafu, halafu vikatoka vibonge. Vya rangi ya chungwa. Vimeganda vizuri kwa ile baridi, vinaelea.

Nilichukua kijiti nikageuza kimoja. Mtu wa Kigoma haambiwi mawese ni nini. Tumeyala tukiwa na meno ya maziwa, yametuharibia nguo za shule na za kanisani, ukidondosha tone leo, doa utalikuta mwaka kesho. Yalikuwa mawese, mengi, ya kuchota. Na yametoka kwenye tangi la choo, sio la jikoni. Hakuna sahani inayooshewa mle. Yangekuwa yametoka tangi la vyombo ningesema nimeyamwaga mwenyewe, nikajilaumu yakaisha. Ila huko chooni mawese hayafiki mpaka mtu ameyabeba, amefunua kifuniko, ameyamimina. Na wenye ufunguo tulikuwa mimi na kaka.

Ningekuwa na nguvu ningepiga kelele, lakini nilikaa tu pale na kijiti changu.

Jumapili alipofika nikamwonyesha, nilikuwa nimekiweka kibonge kimoja kwenye kopo.

"Hii nini?"

"Nitajuaje? Labda wageni wako."

"Wageni! Mgeni gani atabeba mawese toka Ulaya aje ayamwage chooni kwangu?"

Akaapa. Nikamwambia asimtaje Mungu kwenye mambo ya choo. Nikamtolea yote, kwamba yeye ndiye anayenifukuzia wageni, kwamba anataka nichoke niseme mwenyewe liuzwe, kwa sababu anajua akiniuliza nitakataa. Nilipandisha sauti hadi wavuvi waliokuwa wanashona nyavu wakageuka. Kaka akainamisha kichwa. Halafu akaenda mlangoni, akatazama zile taa. Zote kijani. Akabonyeza swichi, akabonyeza tena.

"Kwa hiyo sasa linafanya kazi sawasawa?"

"Linafanya, kama alivyoliacha baba."

"Yameisha basi, mdogo wangu. Kazi nzuri."

Nilidhani ameona aibu. Kweli kabisa, nilidhani hivyo, na hasira ikanipungua. Jioni nikamsimulia mama kwenye simu. Akasema, "Usimwambie mtu, mwanangu. Mambo ya ndani yabaki ndani." Nikamtii.

Haikupita wiki, asubuhi moja nikiwa nafagia kiwanja, ikaja teksi. Akashuka kaka, akashuka mzee mmoja mpole wa Kasulu mwenye kofia ya mkeka, na nyuma yao akashuka mama. Amevaa kitenge chake kipya, kile cha harusini. Mzee na mama walikuwa bado wanamalizia salamu za Kiha, mwakeye kwa mwakeye, na makofi yake kama desturi. Nilimpa mzee shikamoo, nikamkumbatia mama, nikakimbilia kutandika mkeka. Nilifikiri ni mgeni wa familia.

Kaka akampeleka moja kwa moja kwenye taa. "Unaona, mzee? Hizi ndizo zilikuwa zinasumbua. Sasa hata tone likiongezeka, zinaonyesha. Hakuna gari-nyumba jingine Kigoma lenye taa hizi." Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema biashara ya gari itamalizwa leo leo, kama wenyewe wote wameridhia. Hapo ndipo nikaelewa. Lilipokuwa bovu lilikuwa la kunichosha mimi. Sasa limepona, na mimi ndiye niliyeliponya.

"Na huyu ni nani?" mzee akauliza, akinitazama na ufagio wangu.

Kaka hakupepesa hata jicho. "Huyu ni dada. Ndiye anayesafisha."

Kwetu dada ni aliyezaliwa na wewe. Na dada ni binti wa kazi anayekuoshea vyombo. Ni neno lile lile, msikilizaji anachagua mwenyewe, na kaka alijua mzee atachagua lipi.

"Dada yako wa nini?" nikapiga kelele. "Mwambie! Mwambie dada yako wa nini!"

Mzee akashtuka. Alikuwa mtu wa haki, nampa hiyo. Akarudi nyuma hatua moja, akamuacha kaka, akamgeukia mama na kuvua kofia. "Mama, nisije nikanunua machozi ya watu. Huyu ni mwanao, au ni dada wa nyumbani tu?"

Nikamtazama mama. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, naomba mnielewe hapo. Kaka nilishamfahamu, lakini huyu ni mama. Nilikuwa najipanga tu nini cha kusema baada ya yeye kusema.

Mama akakaza kitenge chake kiunoni. Akamtazama kaka, hakunitazama mimi.

"Ni dada wa nyumbani, baba," akasema. "Endeleeni tu."

Mzee akavaa kofia yake, akanisogelea kwa adabu zake zote, akasema, "Haya dada, pole kwa usumbufu. Nionyeshe basi hilo tangi huwa mnalisafishaje."