Yai Lililorudi Bichi

Siku ya mwisho mdogo wangu hakunijua. Alinitazama kwa macho ya manjano kama kiini cha yai, akaniuliza mimi ni nani na kwa nini nimemfunga mikono. Nilikuwa nimemfunga kweli, kwa kanga yangu mwenyewe, maana nesi wa wodi ile ya Iringa aliniambia nisipomfunga ataanguka kitandani. Fizi zilikuwa zinatoka damu tangu alfajiri. Nilikinga kwa bakuli, nikamwaga, nikakinga tena.

Nesi akaja kubadilisha dripu. Akanitazama mimi badala ya mgonjwa. Akanivuta mpaka mlangoni penye mwanga, akanishusha kope la chini kwa kidole gumba, halafu akaenda kunawa. Alinawa mpaka kwenye viwiko. Nikajua kwa hakika kwamba kilichomo ndani ya mdogo wangu kimo na ndani yangu. Hata sikupata nafasi ya kuogopa vizuri, kwa sababu adhuhuri ile ile alikata roho.

Nirudi nyuma sasa, maana wapo wanaolisimulia jambo hili kuanzia hapo tu.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mhudumu wa zahanati ya kijiji, huku tambarare za Usangu, kati ya Igawa na Rujewa. Shule niliishia la pili. Kusoma nilimalizia kwenye kisomo cha watu wazima. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuteka maji na kuchemsha sindano. Siku zile sindano hazikuwa za kutupa. Bomba lilikuwa la kioo, sindano ya chuma, na vyote vilitoka kwa mtu huyu vikaenda kwa mtu yule. Kati ya mtu na mtu ilikuwepo sufuria yangu, basi.

Saa ya ukutani ilikuwa imekufa kabla sijaajiriwa. Mkunga aliyenifundisha kazi, mama mmoja wa Kibena, alinipa saa nyingine. Maji yakianza kutokota, aliniambia, weka na yai la kuku humo humo. Ukija kulipasua ukakuta kiini kinameguka kama unga, sindano zimeiva. Ukikuta kina majimaji, vyombo virudi motoni na yai jingine. Kwa hiyo kila asubuhi nilitoka nyumbani na yai moja pindoni mwa kanga. Mganga wetu wa zahanati alilila saa nne, kwa chumvi. Akina mama kwenye foleni walinitania kwamba zahanati hii daktari mkuu ni kuku. Nilicheka nao. Lakini kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyeota hata jipu la sindano kwa sufuria yangu.

Watafiti walikuja kutoka Mbeya baada ya mavuno ya mpunga. Mwaka ule sabuni ilikuwa haionekani dukani. Walikuja na gari na dereva. Alikuwepo mtafiti mkuu, mtu wa miwani, mwenye sauti ya chini, na mpiga picha wake, mzee mwenye mvi. Walikuwa wanautafuta ugonjwa wa ini, ule unaogeuza macho kuwa ya manjano. Wakachukua chumba chetu cha dawa, wakaingiza friji ya mafuta ya taa, na hadubini, na kamera ya miguu mitatu.

Mpiga picha alikuwa mtu wa maneno mengi, akanionyesha kazi yao. Walikuwa na visahani vya kioo vyenye kitu kilichoganda kama uji baridi, ila chenyewe ni ang'avu, kimetobolewa vishimo. Kishimo kimoja wanatia maji ya damu ya mtu, cha jirani wanatia dawa. Kesho yake, kama mtu ana ugonjwa, kati ya vishimo viwili unatokea mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa buibui. Kama hana, pako wazi. Kila kisahani alikipiga picha na namba ya mwenye damu. Alisema ng'ambo kuna watu wanaifundisha mashine ya hesabu kutazama picha, ili iseme yenyewe nani ana mstari na nani hana, maana jicho la binadamu linachoka. Nilimuuliza kama mashine hiyo itaweza kujua na yai likishaiva. Alicheka sana, akaenda kumwambia mwenzake.

Kila atakayetoa damu alipewa kipande cha sabuni. Hapo ndipo mdogo wangu alipoingia. Alikuwa ameolewa Mlandege, Iringa mjini, akaja kunisaidia kupepeta mpunga, na mtoto wake mgongoni.

"Dada, mimi si mtu wa huku," aliniambia. "Damu yangu wanaitakia nini?"

Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilimwambia ni kuchomwa mara moja tu, na nguo za mtoto hazijaona sabuni mwezi mzima. Akaenda. Wakamwandika namba arobaini na moja, kwenye plasta, wakambandika begani.

Siku ya kwanza kila kitu kilikwenda sawa. Nilichemsha, yai likaiva, mganga akala. Siku ya pili ndiyo ya kwetu. Foleni ilizunguka zahanati. Waliwatanguliza waliowahi kuugua manjano, maana hao ndio waliokuwa wanawataka hasa. Mbele ya mdogo wangu alikaa mfugaji mmoja, mzee aliyehamia na ng'ombe zake kutoka kaskazini. Masika iliyopita macho yake yalikuwa kama ndizi mbivu, kila mtu alimwona.

Bomba zilikuwa kumi na mbili. Zikaisha, nikazikusanya, nikaziosha, nikaweka sufuria. Jiko la mafuta likatoa moto wa bluu kidogo, likakohoa, likazimika. Nikachukua debe, ni tupu. Dereva akaniambia mafuta yote yaliyobaki ameyatia kwenye friji asubuhi, kwa amri. Igawa alikwenda, hakupata hata chupa.

Nikaingia chumba cha dawa na yai mkononi.

"Ndugu, jiko limezimika. Bomba hazijachemka."

Mtafiti mkuu hakuinua kichwa. "Mafuta ni ya friji, mama. Damu ikiharibika, kazi yote imekufa."

"Basi nichemshe kwa kuni. Mafiga yapo nyuma."

Hapo akatazama dirisha. Upepo ulikuwa unaingilia huko huko. "Moshi utakaa kwenye lenzi. Na sisi jioni lazima tuwe Mbeya. Suuza kwa maji, pitisha spiriti. Inatosha."

Niligeuka kwa mganga wetu. Yeye ndiye bosi wangu, na yai langu alilila kila siku ya Mungu, akijua ni la kazi gani. Alikuwa ameinamia daftari. Hakuna alichokuwa anaandika. Kalamu ilikuwa imefunikwa.

"Fanya anavyosema," alisema. "Hao wamesoma."

Nikafanya. Niliogopa. Niliogopea kazi yangu, niliogopa ile sauti ya chini. Nilisuuza, nikapitisha pamba ya spiriti, na wakati nasuuza sindano moja ikanichoma kidole gumba. Nikakinyonya kidole, nikaendelea. Kati ya bomba zile moja ilikuwa na pengo mdomoni, ilidondoka siku moja ikapata ufa. Hiyo ndiyo iliyotoka kwa yule mzee mfugaji. Nikaisuuza. Baadaye kidogo nikaiona mkononi mwa mtafiti mkuu, na mkono alioushika ni wa mdogo wangu.

Nilisimama na beseni. Nikainama, nikasuuza bomba iliyofuata.

Jioni tulirudi nyumbani, yeye na sabuni yake, mimi na yai langu. Nilipofungua pindo aliliona, akalitikisa sikioni.

"Leo daktari mkuu hakwenda kazini?" akanitania.

Yai lile sikulipika wala sikumwekea kuku. Nililisukuma nyuma ya mtungi, na kila nilipoteka maji ya kunywa nilikuwa naliona. Mdogo wangu akarudi Mlandege. Mimi nikaanza kungoja.

Nilingoja miezi mitatu hivi. Asubuhi nilimwomba jirani anitazame macho, nikasingizia vumbi. Vumbi la msimu ule lilinisaidia kusema uongo. Halafu mwanamke mmoja wa foleni ile akaugua, akafuata mwingine, wote waliochomwa baada ya jiko kuzimika. Mganga alisema ni malaria. Alisema hivyo huku hanitazami. Mimi mkojo wangu ulishakuwa kama chai ya rangi, nikaficha. Nilipomaliza kuficha wa kwangu, kondakta wa basi akaniletea ujumbe wa shemeji yangu: njoo Iringa haraka, mwenzio amebadilika rangi.

Mengine nimeshayasema.

Mimi nilipona, sijui kwa nini. Nililala wiki sita, nikaamka, nikakuta nimeitwa kwenye uchunguzi. Alikuja afisa afya kutoka mkoani. Mganga wetu alihojiwa asubuhi nzima, mlango umefungwa. Mimi nilihojiwa kwa muda wa kunywa chai. Nilieleza habari ya debe, na friji, na kuni nilizoomba. Afisa aliandika kidogo, akaacha. Mwezi uliofuata alinisomea alichopeleka juu: kwamba chanzo ni uzembe wa mhudumu asiye na elimu, aliyekuwa akipima muda wa kuchemsha kwa yai.

Aliposema yai, karani wake aliziba mdomo asicheke.

Mafuta ya taa hayamo kwenye karatasi ile. Friji haimo. Lenzi haimo. Mtafiti mkuu ametajwa mara moja tu, anashukuriwa kwa ushirikiano. Mimi nikaachishwa kazi. Kijijini kikombe changu kikatengwa, na hadi leo nikikaribishwa maji naona jinsi kinavyotafutwa kile chenye ufa.

Majina yao ninayo yote. Nimeombwa na watakaoyachapa haya nisiyaandike, sitayaandika, lakini wenyewe wakisoma hapa watajijua: mtafiti mkuu aliyezinyima sindano moto akaipa friji, mganga aliyeinamia daftari, afisa aliyeandika yai akaacha debe. Na mimi namba nne. Mkono uliosuuza ulikuwa wangu, sikatai, na ulimi ulionyamaza ulikuwa wangu.

Ningeyabeba haya nikafa nayo. Ila mtoto wa mdogo wangu amekua, anasoma, na watoto wenzake Mlandege wamemwambia mama yake aliuawa na mama mkubwa kwa sababu ya yai. Mwaka huu nilipokwenda kumwona alinisalimia kutoka mlangoni. Nilikuwa nimemletea mchele. Aliupokea kwa ncha za vidole. Sijawahi kuogopa kitu, hata kile kitanda cha Iringa, kama nilivyoyaogopa macho ya mtoto yule.

Kwa hiyo namtaka mtafiti mkuu. Damu ya mdogo wangu aliichukua siku ile ile, ikatiwa kwenye kisahani, ikapigwa picha na namba. Mashine ikiwa imeshajifunza kutazama au bado, mimi namtaka atazame kwa macho yake. Alete picha ya arobaini na moja. Aje nayo Mlandege, mchana, aishike mbele ya mtoto na aseme kuna mstari au pako wazi. Kama mstari upo, basi mdogo wangu alikuja Usangu tayari anaumwa, nami nitawaomba radhi wote kwa magoti. Kama pako wazi, aseme kwa sauti ile ile ya chini ni nani aliyeninyima moto. Na mganga asimame pembeni yake, amwambie mtoto siku ile alikuwa anaandika nini kwenye daftari ambalo kalamu yake ilikuwa imefunikwa.