Kodi ya Ploti ya Kona

Awinja aliwapikia wanafunzi wa sekondari kwa miaka mingi, na kwa akiba yake akanunua ploti ya kona mjini Kakamega, kando ya lami ya kwenda Malava. Akajenga nyumba ndogo. Mbele, upande wa barabara, akapanda mboga za kienyeji: likhubi, yaani kunde, na mitoo.

Mwaka wa tisini na sita manispaa ilithamini upya ardhi ya mtaa, na kodi ya ploti ikapanda mara tatu. Jirani yake Phineas, fundi wa baiskeli, alikuja amekunja uso.

"Mama Sammy, mimi silipi. Waje waiuze hiyo ploti."

"Wataiuza kweli, Baba Christine, halafu utalala wapi? Nimeuliza ofisini. Tunaruhusiwa kupinga, mradi tuandike kabla ya mwezi kwisha."

Akaandika barua ya kupinga, akazunguka nayo nyumba kwa nyumba. Wengine walimcheka, wengine waliogopa kutaja majina yao. Hata hivyo, karibu watu wote wa ploti za nyuma, mbali na lami, walitia sahihi.

Siku ya pingamizi kusikilizwa, wanaume walitazama sakafu. Akasimama yeye.

"Mmetuthamini kama watu wenye barabara na taa. Kule nyuma hakuna. Mvua ikinyesha tunavuanga viatu ndio tufike kanisani. Njooni muone."

Wakaja. Gari la mthamini likakwama matopeni mbele ya nyumba ya Phineas. Baadaye ploti za nyuma zikapunguziwa thamani. Ya Awinja ikabaki vilevile, kwa kuwa inagusa lami na duka linaweza kusimama pale.

Phineas alimletea jogoo. "Umetutoa shimoni, mama, wewe umebaki."

"Hawakudanganya," Awinja akajibu. "Lami ipo."

Mwanawe Sammy alimshauri auze, arudi kwa ndugu zake kijijini Shianda. Alilifikiria jambo hilo msimu mzima. Mwishowe aling'oa mboga, akajenga chumba kimoja pale mbele, akampangisha kinyozi. Phineas na wenzake wakamchimbia msingi bure. Kodi ikalipika. Lakini redio ya kinyozi ilimchosha kutwa, na sokoni alinunua likhubi kwa uchungu.

Watu wa mtaa mwingine walipokuja kumwuliza jinsi ya kupinga, aliwapikia chai, akawaeleza yote, pamoja na kwamba yeye mwenyewe hakupunguziwa hata senti.