Mbebesha miche wa Korogwe aliyeificha safari yake ikampotea

Saa moja asubuhi, Faudhia Semboja amekwisha kaa kwenye kigoda chake katika kitalu kimoja cha miche, Old Korogwe, si mbali na Mto Pangani. Mkono wa kushoto ameshika mche wa limao, wa kulia kisu kidogo chenye makali ya wembe. Anachana ganda la mche, anapachika kijicho cha mchungwa, kile kichipukizi kidogo, anafunga kwa ukanda wa nailoni, kisha anavuta mche mwingine.

Kazi hii huitwa kubebesha. Mlimao unatoa mizizi, mchungwa unatoa matunda.

"Kitambulisho chako kwanza," anamwambia mwandishi bila kuinua macho.

Anakisoma mbele, anakigeuza nyuma, kisha anapiga simu gazetini kuuliza kama mtu huyo anafahamika. "Usinione mkorofi, kaka yangu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka."

Nyoka mwenyewe alikuwa viza.

Faudhia, mwenye umri wa miaka 27, ni mzaliwa wa Kwedizinga, wilayani Handeni. Mwaka jana alipata nafasi ya kwenda Hispania kwa wiki kumi, kusoma namna ya kukinga michungwa na magonjwa. Chuo cha huko kilikubali kubeba gharama zote. Kilichobaki ni viza ya muda mfupi ya mwanafunzi.

Lakini kwao safari haitangazwi. Mtu hufunga begi lake kimyakimya, na majirani husikia tu kwamba amefika. Ukisema mapema, husuda inakutangulia stendi.

"Tumekua hivyo. Hata anayekwenda Tanga kutibiwa hasemi," anaeleza.

Basi akamwita mama yake, Bi Mwaija, wakakaa chumbani mlango umefungwa. "Mama, mtu yeyote akikuuliza habari zangu, wewe hujui kitu." Mama akaitika. Faudhia akaenda Dar es Salaam, akachukuliwa alama za vidole, akajaza fomu. Palipotakiwa ndugu wa kuulizwa, akaandika namba ya simu ya mama yake.

Wala hakuona tatizo.

Majibu yaliporudi, alikuwa amenyimwa. Karatasi ilisema haikuthibitika kwamba angerudi nyumbani, wala kwamba familia aliyoitaja ni yake.

Nani kamharibia? Faudhia hakufikiri mara mbili. Ni Kasmiri, fundi mwenzake, anayekaa kigoda cha jirani. Si ndiye aliyekuwa akimuuliza kila mara, "Mbona siku hizi safari zako za Dar haziishi?" Kwa nini aulize? Anatafuta nini?

Akaacha kumsalimia. Akahamishia kigoda chake upande wa pili wa kitalu. Akinyanyuka kwenda kuchota maji, kikombe chake cha chai anaondoka nacho.

"Nilijiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Nilimchukia, sifichi," anasema.

Kasmiri anasikiliza huku akinoa kisu. "Mimi nilidhani ameniona mwizi wa miche. Miezi inapita, mtu hata heri haniambii. Iliniuma sana."

Ukweli ulitoka sikukuu ya Idd, huko Kwedizinga. Bi Mwaija alikuwa anapepeta mchele, akaanza kumsimulia bintiye ushujaa wake.

"Matapeli wa siku hizi wana adabu, mwanangu. Kapiga kijana mmoja, sauti laini, shikamoo mama. Kakutaja jina lako lote mpaka siku uliyozaliwa. Kaniuliza, akienda atarudi? Nikamwambia, baba, umekosea namba, mimi sina binti. Nikamkatia."

Faudhia anasema aliketi palepale kwenye mkeka. Alifungua mdomo alaumu, akakumbuka maneno yale yalikuwa yake mwenyewe.

Mama naye hataki kubebeshwa lawama. Jirani yake alishalizwa pesa za mahindi na mtu wa "tuma kwa namba hii", naye akaapa hatachezewa. "Ningejuaje ni watu wa viza? Yeye ndiye aliyenifunga mdomo. Nimeufunga, sasa nakuwa mbaya."

Mwenye kitalu, Mzee Gregori, aliposikia kisa hicho alicheka mpaka akakohoa. "Mficha uchi hazai, binti yangu," alimwambia, kisha akamwandikia barua ya kuthibitisha kazi yake. Chuo kimemwekea nafasi katika kozi ijayo, na maombi mapya yamekwisha pelekwa.

Safari hii Faudhia alisomewa dua nyumbani mchana kweupe, na Kwedizinga nzima inajua anakwenda wapi. Jambo hilo linamtisha kuliko kupanda ndege. Mtu akimtazama sana sokoni, yeye anageuza njia.

Bi Mwaija naye amepitiliza. Namba yoyote ngeni ikimpigia, kabla mpigaji hajasema neno, anajibu, "Ndiyo, ni mwanangu, anakwenda kusoma na atarudi." Juzi alimwambia hivyo muuza vifaranga.

Kwa sababu hiyo, fomu ya pili ilipotaka mtu mwingine wa kuulizwa, Faudhia alibeba kigoda chake, akakirudisha pale pa zamani, akamwomba Kasmiri msamaha. Kisha akamwomba namba yake ya simu.

Akifanikiwa, anataka kurudi na kufungua kitalu chake Kwedizinga, wakulima wa kwao wapate miche safi bila kuifuata mbali. "Nitarudi. Nikae huko nibebeshe nini?" anasema.

Kasmiri ameweka simu yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati yao. Tangu juma lililopita haiachi mbali.

"Na wakiniuliza kama nakujua?" anamchokoza.

"Sema unanijua," Faudhia anajibu, akivuta mche mwingine. Anapachika kijicho, anafunga, kisha anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. "Ila uweke spika, na mimi nisikie."