Kidari cha Mkereza

Kutoka Kindu mpaka Kolwezi nilitumia siku kumi na tisa. Siku za kusafiri zilikuwa chache. Zilizobaki nilikuwa nangoja. Treni ilinishusha Kongolo, nikangoja meli. Meli ikapanda Lualaba ikisimama kila penye kuni, mpaka Bukama, na Bukama nikangoja tena, kwa sababu karani wa stesheni alikuwa ameniandika katika kitabu cha mizigo. Nilimwomba afute. Akasema kufuta kunachafua kitabu. Basi niliingia Katanga kama mzigo, na mzigo husafiri baada ya abiria.

Nilikuwa nakwenda Elisabethville. Lakini Tenke reli inagawanyika, nami nilikuwa nimesinzia katika behewa lisilo langu. Nilipouliza tumefika wapi, mama mmoja mwenye kikapu cha kuku aliniambia Kolwezi, kwa sauti ya mtu anayejibu swali la kipumbavu. Nilishuka ili ningoje treni ya kurudi. Nilikaa miaka mitatu.

Nilikuwa na miaka minne ya sekondari kwa mapadre, Kifaransa kilichonyooka, na viatu. Kwa vitu hivyo vitatu nilipata ukarani katika karakana ya Mbelgiji mmoja aliyetengeneza pampu za maji. Alikuwa mtu mrefu, mwekundu shingoni, mwenye haki kwa kadiri yake. Kila Jumapili alikwenda kuwinda. Hakuwa na kingine alichokipenda, hata mkewe, na mkewe alilijua hilo na kulisema mezani.

Risasi za bunduki yake ziliagizwa Ulaya, na Ulaya haikuwa na haraka. Siku moja alirudi kutoka likizo na sanduku zito. Ndani yake mlikuwa na mashine ndogo ya mkono ya kubinyia, na kalibu za chuma kigumu zilizong'aa kama vyombo vya kanisani. Alisema tangu siku hiyo atajitengenezea risasi mwenyewe: ndani madini laini ya risasi, nje koti jembamba la shaba. Alijaribu kwa majuma mawili, akaharibu shaba nyingi, akabana kidole. Kisha akampa kazi hiyo mkereza vyuma wetu, na kuanzia hapo aliendelea kusema kwamba anajitengenezea mwenyewe.

Shaba ilikuwa shida yangu mimi. Mji mzima ulikuwa umekaa juu ya shaba. Vumbi lake lilikuwa kwenye nguo, kwenye chai, kwenye mashuka. Lakini ili karakana ipate bomba la shaba la urefu wa mkono, niliandika barua tatu na kugongewa mihuri minne. Polisi alinisimamisha mara mbili njiani nikiwa nalo, akasoma karatasi zote, akanusa bomba.

Mkereza alikuwa mtu wa Kasai, wa miaka kama arobaini, mfupi, mwenye mikono mipana na tai ya Jumapili. Sote tulimwita tata, yaani baba. Nilipanga chumba nyuma ya nyumba yake, kwa hiyo nilimjua kazini na nyumbani, na hao walikuwa watu wawili. Kazini mzungu mwenyewe alinyamaza akimwona anapima kitu. Nyumbani alikaa kwenye kigoda akitukanwa na baba yake.

Mzee huyo alikuwa mhunzi Kasai kabla mwanawe hajamleta kwa treni. Miguu yake ilikuwa imevimba, na muuguzi alikuwa amesema hataona mvua nyingine. Alikaa mlangoni kutwa akingoja mwanawe atoke kazini ili amwambie yale yale.

"Unafanya kazi na umeme," alikuwa akimwambia, kwa Kiswahili cha Katanga, ambacho ndiyo yake ni njo. "Umeme njo fundi. Weye uko mulinzi yake."

"Tata, mi njo ninashika chuma."

"Shika. Nani amekuletea kidari?"

Hapo mkereza aliinama kufungua viatu. Kwao, mhunzi aliyefua mkuki alipelekewa kidari cha mnyama aliyeuawa kwa mkuki huo, na alikileta mwuaji mwenyewe, kwa mikono yake. Mpaka hapo mtu alikuwa mpiga nyundo tu. Mzee alikuwa amepelekewa vidari vingi maishani. Mwanawe alikuwa amekereza vyuma miaka ishirini, na hakuna mtu anayeua mnyama kwa pampu.

Sasa zikaja risasi. Nilimwona mkereza jinsi alivyoanza kufunika kalibu zile kwa kitambaa cha shuka jioni. Kazi yenyewe ilikuwa kubinya na kubinya tena, hatua kwa hatua, na sitaieleza zaidi kwa sababu sikuwahi kuielewa. Lakini mwisho wake niliuona kila siku. Alikuwa na kipande cha kioo cha dirisha, amekilaza juu ya meza sawasawa. Alichukua kila risasi iliyokamilika, akaibingirisha juu ya kioo, akainamisha sikio. Iliyokwenda kimya aliiweka kwenye boksi. Iliyoyumba kidogo tu aliitupa kwenye kopo. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Mzungu hakujua kuna kioo.

Jumapili ya kwanza mzungu aliua kuro kwa risasi moja. Jumatatu alituita wote aonyeshe kwa vidole jinsi alivyosimama na jinsi mnyama alivyoanguka. Mkereza alivua kofia.

"Bwana," akasema, "ile nyama, kidari iko wapi?"

Mzungu alielewa kwamba mtu anaomba nyama. Alifurahi, maana siku ile angempa mtu yeyote chochote. Mchana ukaletwa mguu mzima wa nyuma, mkubwa mara mbili ya kidari. Mkereza alishukuru kwa adabu, akatugawia sisi. Yeye hakuchukua hata mfupa.

"Tata, nyama njo nyama," nilimwambia.

"Karani, weye umesoma," akasema. "Kula."

Mfuata nyayo wa mzungu, ambaye pia ndiye aliyechuna wanyama, alikuwa Mlunda kutoka upande wa Musumba, mtu mkavu mwenye maneno. Alikuja karakana kuchukua mafuta ya bunduki, mkereza akamuuliza kidari kilikwenda wapi.

"Ba mbwa njo balikula," alisema. "Madame anasema iko na mafuta mingi."

"Ba mbwa."

"Mbili. Ile ya madoa ilikula sana."

Mkereza alifuta mikono polepole. Mlunda, kwa kumfariji nadhani, akaongeza: "Na hata hivyo, kwetu kidari ni ya mfalme. Muhunzi tunamupa mukia."

"Njo maana mikuki yenu inapinda," mkereza akasema.

Walicheka wote wawili. Kisha Mlunda akaenda zake, na mkereza akachukua kile kioo, akakifunga kwenye gazeti, akakiweka juu ya kabati.

Sikuelewa mara moja. Aliendelea kubinya risasi kama zamani, nyingi zaidi kuliko zamani, maana sasa hakuna iliyotupwa. Alifanya kila alichoagizwa na kila alichofundishwa. Boksi lilijaa mapema. Mzungu alimsifu kwa bidii.

Jumapili iliyofuata mzungu alikosa. Jumapili ya pili akakosa mara mbili, akalaumu upepo. Ya tatu alikuwa na mgeni, ofisa wa serikali kutoka wilayani, na palahala dume, swala mkubwa mweusi mwenye pembe ndefu, alisimama mbele yao, ubavu wazi, kama anayepigwa picha. Mzungu alipiga mara tatu. Mlunda alituambia kwamba palahala alitazama kila mara risasi ilipokwenda, kisha akaondoka kwa mwendo wa kawaida. Ofisa alisema jambo la heshima kuhusu hali ya hewa. Hilo ndilo lililomuumiza mzungu.

Jumatatu aliingia karakana bila kusalimu, akaniita nitafsiri, ingawa Kiswahili alikijua vya kutosha kwa kugombana.

"Mwulize alibadili nini."

Niliuliza.

"Hakuna," mkereza akajibu. "Nafanya yote bwana aliniambia."

"Mwulize zamani alifanya nini ambacho sikumwambia."

Lilikuwa swali zuri. Nimesema alikuwa mtu mwenye haki. Mkereza alipanda kiti, akashusha kioo, akakifungua. Akabingirisha risasi kumi mbele yetu. Sita ziliyumba. Hata mimi niliona.

Mzungu alikaa juu ya sanduku. Kisha akaniuliza kwa Kifaransa mtu huyu anataka nini, nami, kwa mara ya kwanza, nikamweleza habari ya kidari yote: mhunzi, mkuki, mikono ya mwuaji, mzee mlangoni. Nilitumia Kifaransa changu chote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mguu?" akauliza.

"Mguu si kitu, bwana."

"Ulikuwa mguu mzuri."

Akaniamuru niandike agizo la kazi. Nililipiga kwa mashine, nakala tatu: kwamba kidari cha mnyama yeyote atakayeuawa kwa risasi za karakana ni cha mkereza, na kitakabidhiwa na mwuaji mwenyewe. Akatia sahihi. Nakala moja ikabandikwa ukutani, kati ya onyo la moto na kalenda. Mkereza, asiyejua kusoma Kifaransa, alisimama mbele yake kwa muda mrefu, akarudisha kioo mezani.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu. Ijumaa ya juma lile nilikwenda stesheni kuchukua mizigo, na kati ya mizigo kulikuwa na kasha kutoka Ulaya, lile la risasi za kiwandani lililoagizwa zamani. Nilitia sahihi. Nikampelekea mzungu. Alilipokea bila kunitazama, akalitia garini.

Jumapili aliua palahala. Jumatatu alifika karakana na kidari kimefungwa kwenye turubai. Alishuka garini, akakibeba kwa mikono miwili kwa sababu kilikuwa kizito, akampa mkereza mbele yetu sote. Shati lake likaingia damu. Mkereza alipokea kwa mikono miwili pia, akainama kidogo. Kisha akavua aproni, akaenda nyumbani saa tatu asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipofiwa. Mzungu hakumzuia.

Nilipotoka kazini nilikuta mzee amekilaza kidari mapajani kama mtoto.

"Alileta muzungu mwenyewe?" alikuwa anauliza, nadhani kwa mara ya ishirini.

"Mwenyewe, tata."

"Mikono ngapi?"

"Mbili."

Mzee alikibonyeza kwa kidole gumba. "Dume," akasema. Kisha, bila kumtazama mwanawe: "Leta ile kitu unatengenezaka. Nione."

Mkereza alikuwa nayo mfukoni. Mzee aliigeuza kwenye mwanga wa mlango, akapitisha ukucha mahali koti la shaba linapoishia. "Umeifunga vizuri," akasema, na hakusema tena habari ya umeme.

Siku iliyofuata Mlunda alinivuta kando, akaniwekea kitu mkononi. Alikikuta kwenye mfupa wa bega alipochuna. Ilikuwa risasi, imepasuka mbele lakini nzima nyuma, na nyuma palikuwa na mfuo wa duara, kama pete. Risasi zetu hazikuwa na pete. Niliziandika kila juma, nilizijua.

"Yeye alipiga na ya Ulaya," Mlunda akasema. "Alisema ya kwetu atajaribu siku ingine. Mi sikusema kitu. Weye njo karani."

Niliitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, na humo haikutofautiana na chochote.

Nilidhani yamekwisha. Lakini fundi mzuri hupenda kujua. Mkereza alianza kuniuliza, kwanza kwa mzaha, kisha kila siku. Je, ilipita mnyama au ilibaki ndani? Mlunda aliiona? Siku moja alizima mashine kabisa.

"Karani. Niambie kweli. Ile palahala ilikufa na ya kwetu?"

Nyumbani kwake mzee alikuwa ameanza kutembea mpaka bombani, kwa fimbo, ili awasimulie wanawake wanaongoja maji. Watu walikuwa wamekuja kumsalimu. Mfuasi mmoja wa kanisa lao alileta kuku. Uvimbe ulikuwa pale pale, lakini alikuwa anakula.

"Ya kwetu, tata," nilisema.

Alinitazama kama alivyotazama risasi juu ya kioo. Kisha akawasha mashine.

Hakuniuliza tena. Alikuwa mwema kwangu kuliko zamani, alinipa chai kwanza, na hilo sikuliweza. Mzungu aliua wengine baadaye, kwa risasi za kwetu kweli, na vidari vililetwa kama agizo lilivyosema, lakini mzee alisimulia kile cha kwanza tu, na jioni mkereza alinigeukia nithibitishe. Nilithibitisha mwaka mzima. Kisha nikasikia kwamba Kisenge, kwenye migodi ya manganizi, wanatafuta karani, nikaandika barua. Mkereza alipouliza kwa nini, nilimwambia mimi ni mtu wa njia. Tangu hapo nimewaambia wengi hivyo, katika miji mingi, na sasa nimepita arobaini na imekuwa kweli.

Siku ya kuondoka walinisindikiza stesheni wote wawili, mzee akiwa na koti la mwanawe. Mvua ilikuwa inanyesha, ya msimu wa pili tangu muuguzi aseme. Treni ya Dilolo ilichelewa saa mbili. Mzee alimsimulia mchukuzi habari ya kidari, kisha mwuza karanga, kisha askari wa stesheni. Kwa askari, palahala alikuwa amekwisha kuwa nyati.

"Muulize huyu," mzee akamwambia askari, akininyooshea fimbo. "Ni karani. Aliandika yote."

Askari aliniangalia. Mkereza naye aliniangalia, akiwa ameshika sanduku langu.

"Nyati," nilisema. "Dume."

Mkereza alitazama chini, akatabasamu kidogo, akanipandishia sanduku ndani ya behewa.